Mashine ya Alizeti Iliyong'aa Kupita Kiasi

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, kaeni vizuri, mzee anaongea. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Msicheke. Wapo watu wanaostaafu na mvi zao wakati hawajawahi kufanya kazi hata siku moja. Mimi nimefanya kazi likizo zote tangu nikiwa mdogo kama nyinyi, na aliyenistaafisha ni mama yangu mzazi, kwa mdomo wake mwenyewe, siku matokeo yangu ya hesabu yalipoingia nyumbani. "Kuanzia leo, Pendo," alisema, "utafanya tathmini ya madaftari yako." Sherehe ya kuniaga ilikuwa wali na maharage, tena ya jana.

Naandika haya kwa sababu nafasi yangu iko wazi na mmoja wenu ataichukua. Mama Zuhura ameshaanza kuulizia mtaani kwetu, Area D, ni mtoto wa nani mwingine anayejua Kigogo na asiyetapika kwenye gari. Sasa msije mkaenda kuniaibisha.

Mama Zuhura amepanga nyumba ya mbele kwetu. Ni mtu wa Tanga, aliletwa Dodoma na kazi ya serikali, kazi akaiacha, Dodoma ikamng'ang'ania. Sasa hivi anakagua miradi. Siyo ile mikubwa ya mabwawa na barabara ambayo mawaziri hukata utepe. Yake ni miradi midogo ya haraka: nchi fulani ya nje inasema, kikundi chochote cha kijiji kilete ombi, na kabla mvua hazijaanza tutakuwa tumeshaleta kitu. Tangi la maji, mizinga ya nyuki, mashine ya kusaga, banda la kuku. Ni haraka kiasi kwamba wanakijiji wengine huwa bado wanabishana kuhusu ombi wakati kitu kimeshashushwa. Halafu msimu ukipita, au miwili, lazima mtu aende kuuliza: kile kitu kipo? Kinafanya kazi? Kinamsaidia nani? Huyo mtu ni Mama Zuhura. Kigogo hajui zaidi ya salamu na neno la kukataa kuongezewa ugali, kwa hiyo mdomo wake nilikuwa mimi, maana bibi yangu alinilea upande wa Kongwa mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Ndiyo, Kongwa ileile ambayo Waingereza waliijia na matrekta wakalima karanga mpaka upeo wa macho, na karanga zikakataa. Kila tukipita njia ile Mama Zuhura alikuwa akipunguza mwendo na kusema, "Pendo, hapa palikosa mtu mmoja tu wa kwenda kwa kikongwe yeyote kuuliza, mvua huku huwa inakujaje." Halafu anakanyaga mafuta. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake yote.

Nitawafundisha ninachokijua, lakini kubwa ninalotaka mlibebe ni habari ya mashine ya alizeti, maana siku ile kikundi cha akina mama nusura kinyang'anywe mashine yao, na kosa lao lilikuwa usafi. Nitafika huko. Wastaafu hatukimbizwi.

Jambo la kwanza: fikeni kabla ya ngoma. Mnajua wenyewe akina mama wa Kigogo wakibana ngoma magotini na kuanza kuzipiga, mgeni hana ujanja. Mama Zuhura ndiye mgonjwa kuliko wote. Nimemwona akivua viatu, akiingia katikati na kutikisa mabega mpaka mtandio unaangukia kwenye vumbi. Mtu akishachezeshwa namna ile, ukimwonyesha shimo tupu ataandika kisima. Anajijua. Ndiyo maana hufika mapema, anasimamisha gari kwenye nyumba ya kwanza ya kijiji na kuomba maji ya kunywa.

Mimi mwanzoni nilidhani ni kiu. Kumbe ni mtihani. Mara moja, kijiji kimoja upande wa Chamwino, tulipita tangi jipya limesimama kama bwana harusi, na bango lake kubwa. Nyumba ya kwanza tukaomba maji. Tukaletewa kikombe, na ndani yake kiluwiluwi kikanikodolea macho. Nikamkodolea Mama Zuhura. Akanong'ona, "Usimmwage mwenzio, kwanza uliza ametoka wapi." Yalitoka korongoni. Tangi lilikuwa limejaa pomoni, lakini bomba lilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikwenda kwenye harusi Dar es Salaam, harusi ikawa tamu, hakurudi. Mwingine angeandika mradi umekufa. Mama Zuhura alituma kijana na baiskeli kwa fundi, kufuli likakatwa, funguo mpya zikagawiwa kwa nyumba tatu zinazogombana. Nikamuuliza kwa nini zinazogombana. "Zikipatana," alisema, "zitakwenda harusini pamoja."

Jambo la pili: msiulize swali linalojibika kwa ndiyo. Kwetu huku mgeni hakataliwi usoni, ni adabu. Nilijifunza hilo kwenye mizinga ya nyuki, siku Mama Zuhura aliponiachia niulize mwenyewe nami nikajiona afisa.

"Nyuki wapo?" nikauliza.

"Wapo."

"Wanaendelea vizuri?"

"Wanaendelea."

"Mizinga mmeipenda?"

"Tumeipenda sana."

Nikarudi kwa Mama Zuhura natembea kwa maringo, mradi umefaulu kwa kishindo. Akamgeukia bibi mmoja aliyekaa pembeni anachambua mlenda, akaniambia nimuulize, asali ya mwisho alilamba nani? Watu wakatazamana. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Nyuki walikuwepo kweli, ndani ya tundu la mti, wakiitazama mizinga yetu jinsi sisi tunavyoitazama hoteli ya kitalii: nzuri, lakini ya wengine. Mizinga ilikuwa imetundikwa kwenye jua kali. Ikashushwa kivulini siku ileile.

La tatu ni lenu hasa nyinyi mtakaotafsiri. Mkalimani ni bomba. Bomba halitii sukari. Akisema mtu upuuzi, peleka upuuzi. Akitukana, peleka tusi, ila punguza sauti. Mara nyingi utatamani kumwokoa mtu kwa kugeuza maneno yake kidogo. Usigeuze. Hili nilidhani ni rahisi mpaka siku ya alizeti.

Safari ile tulikuwa watatu, kwa sababu ofisi ya wafadhili ilituma mtu wake aone kwa macho yake. Aliitwa Bwana Jonas. Kijana mrefu, pua imebabuka kwa jua kama nyanya, Kiswahili chake cha darasani safi kuliko changu na chenu tukikijumlisha. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kuku aliyenusurika kukanyagwa naye, "Niwie radhi." Alikuwa mtu mzuri, nataka mjue hilo, maana mtashawishika kumchukia kabla sijamaliza.

Njiani alitueleza hali ilivyo. Sharti la miradi hii ni kwamba kitu kisichotumika kinahamishiwa kikundi kingine. Kijiji cha pili, ng'ambo ya vilima, walikuwa wameshaomba mashine ya kukamulia alizeti na hawajapata. Wanabeba mbegu zao kwa baiskeli mpaka mjini. Na lori la kuhamishia lilikuwa limeshapatikana, lipo Kongwa, linasubiri simu yake tu.

"Nikikuta inatumika, nitafurahi," alisema Bwana Jonas. "Nikikuta imelala, nitapiga simu leo leo. Si vizuri mashine ilale wakati wengine wanahangaika."

Mama Zuhura akasema, "Ni haki," na akakanyaga mafuta.

Siku hiyo hatukuwahi. Gurudumu lilipasuka, tukabadilisha, la akiba nalo likawa na tabia zake, na tulipofika ngoma zilikuwa zimeshapamba moto. Hakuna nyumba ya kwanza, hakuna maji ya mtihani. Mama Zuhura akavua viatu. Bwana Jonas naye akaingizwa katikati, akacheza kama mtu anayekanyaga siafu, akapigiwa vigelegele vya huruma.

Mwenyekiti wa kikundi aliitwa Mama Yohana. Mfupi, mnene kidogo, kitenge cha sare kimepigwa pasi hadi kinatisha. Kiswahili anakijua vizuri sana, lakini mbele ya wageni wazito alipendelea Kigogo, kwa maana maneno mazito huyasemi kwa lugha ya kuazima.

"Mbukwenyi!" tukasalimu.

"Mbukwa!" wakaitikia wote, na Mama Yohana akatoa ufunguo kifuani, akafungua mlango wa banda taratibu kama anafungua kanisa.

Wadogo zangu. Mashine ile ilikuwa inang'aa. Ilipakwa rangi ya buluu mpya, hata boliti zake. Juu ya injini walitandika kitambaa cha kufuma, kile cheupe ambacho mama zetu hutandika juu ya televisheni, na juu ya kitambaa wakaweka chombo chenye maua ya plastiki. Sakafu na kuta zilikandikwa udongo upya, bado zina alama za vidole. Palinukia rangi. Nikavuta pumzi kutafuta harufu ya mafuta ya alizeti, sikuipata. Nikamwona Bwana Jonas naye anavuta pumzi.

"Anauliza mnaitumiaje," nikamtafsiria Mama Yohana.

Mama Yohana akajaa fahari mpaka kitenge kikabana. "Mwambie hatuichezei. Mwambie hata mkwaruzo hatauona. Aizunguke!"

Nikapeleka vilevile. Bwana Jonas akaizunguka, hakuona mkwaruzo, uso ukamshuka.

"Muulize, watoto huwa wanaingia humu?"

"Nani aingie! Mlango una kufuli kubwa. Mwenye kuingia humu bila mimi hajazaliwa."

"Na mafuta ya kupikia mnayapata wapi?"

Hapo Mama Yohana akaona aibu kidogo, akatazama chini. "Dukani," akasema.

Nilikuwa namwona mama wa watu anajichimbia shimo kwa bidii, na jembe ni ulimi wangu. Kila alichosema kwa kujisifu kilipofika upande wa pili kilikuwa kinaita lori. Nikamtazama Mama Zuhura nikiomba ruhusa ya kutia sukari kidogo tu. Akanitazama bila kupepesa. Nikapeleka: "Dukani."

Tukaketishwa kula. Kuku, ugali wa uwele, mlenda, na pembeni, kwa heshima kubwa, dumu dogo la mafuta ya dukani lenye nembo yake, ili wageni waone kwamba hawakupikiwa ovyo. Bwana Jonas akalitazama lile dumu kama mtu anayetazama jeneza. Alikula matonge mawili, akanawa.

"Mtandao unapatikana wapi hapa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kichuguu nyuma ya shule. Ndicho kilichokuwa mnara wa simu wa kijiji kizima. Ukipanda mpaka kileleni na kuelekea Kongwa, unaongea. Akanyanyuka.

"Jonas, mwanangu," akasema Mama Zuhura huku anavunja shingo ya kuku, "kaa. Lori halina njaa. Mwenye njaa ni mimi, na sipendi kula peke yangu."

"Mama, umeona mwenyewe."

"Nimeona mashine safi. Nimekagua miradi iliyokufa mingi, baba. Haijawahi kupakwa rangi hata mmoja. Maiti huwa ana vumbi, na kuku wanatagia ndani yake."

Bwana Jonas akakaa, ila kwa tako moja. Mama Zuhura akalamba vidole, akamgeukia Mama Yohana, akauliza swali ambalo mimi nililiona la kijinga kabisa.

"Mashine hii ni ya nani?"

Nikatafsiri. Akina mama wakacheka, wakadhani ni utani. Mama Yohana akanyoosha mkono kumwelekea Bwana Jonas.

"Mwenyewe si huyu hapa amekuja?"

"Umejuaje ni yake?"

"Alama yake si ipo ubavuni?"

Kweli ilikuwepo: stika ya wafadhili, kubwa, yenye bendera na mikono miwili inayoshikana. Kila kitu wanachotoa hubandikwa. Nilishaiona kwenye matangi, kwenye mizinga, hata kwenye jembe. Sikuwahi kuiona kwa macho ya bibi yangu. Sasa nikaiona, nikashika kichwa, na tonge langu likaanguka.

"Mama Zuhura," nikasema kwa Kiswahili, "ng'ombe! Wanadhani wamewekeshwa ng'ombe!"

"Eleza. Na umeze kwanza."

Nikaeleza. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Huwagawa kwa marafiki, huyu wawili, yule watatu, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine wabaki. Wewe uliyewekeshwa unamchunga, unakunywa maziwa, unachukua samadi. Ila ng'ombe ana alama ya mwenyewe na ni wa mwenyewe. Na siku mwenye ng'ombe akituma habari kwamba anakuja kuangalia, bibi yangu alikuwa hakamui. Anamwacha ndama anyonye ashibe, anamtoa ng'ombe kupe mmoja mmoja, anampumzisha, ili mwenyewe akute mnyama amenona na chuchu zimejaa. Kumkamua mbele ya mwenye mali ni kukosa haya. Atasema, kumbe ng'ombe wangu unamnyonya hivi!

Bwana Jonas alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Mama Zuhura alikuwa ameacha kutafuna, jambo ambalo sijaliona tena maishani.

"Muulize," akasema polepole, "kabla hatujatuma habari kwamba tunakuja, mashine ilikuwa inafanya nini?"

Mama Yohana akamwangalia Bwana Jonas kwa pembe ya jicho, akanisogelea, akashusha sauti kama anayeulizwa amekunywa maziwa kiasi gani.

"Tulikuwa tunakamua," akasema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kila siku. Lakini kidogo."

Akina mama nyuma yake wakaziba midomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Nikapeleka maneno kama yalivyo, kwa raha ambayo sijawahi kuipata kwenye somo lolote la lugha.

Bwana Jonas akacheka, lakini alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ni mgumu. "Naamini," alisema. "Kweli naamini. Lakini kule kijiji cha pili nao wanasubiri, na ofisini hawataniuliza nilisikia nini. Wataniuliza niliona nini."

"Basi iwashwe, uone," akasema Mama Zuhura.

Nilipotafsiri hilo, kicheko kikafa. Akina mama wakainamisha macho. Mama Yohana akakaza ufunguo ndani ya kiganja.

"Mbele yake? Hapana. Aondoke kwanza, ndiyo tuwashe."

"Akiondoka, mama, anaondoka na mashine," nikamwambia. Hilo sikuwa nimeambiwa nilitafsiri, lakini nilikuwa nimeshavumilia vya kutosha.

Mama Yohana akalitazama lile banda. Nadhani hapo ndipo alipolijua jambo lote: kwamba wiki zote zile za kusugua kwa mchanga na kununua mafuta dukani walikuwa wanaifungasha mashine yao wenyewe. Lakini hakunyanyuka. Wenzenu wamefundishwa adabu, siyo nyinyi.

Mama Zuhura akamgeukia Bwana Jonas. "Mashine hii ni ya nani?"

"Yao. Tangu siku ya kwanza. Imeandikwa kwenye mkataba."

"Usiniambie mimi. Mimi ni mtu wa Tanga, alizeti nitaipeleka wapi?"

Kijana wa watu akasimama. Akakung'uta suruali, akakohoa, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mama zangu, mashine hii si yangu. Mimi ni mgeni tu. Mashine ni yenu."

Walimwelewa wote, lakini Mama Yohana alinigeukia nimtafsirie, ili yasikike mara mbili. Nikayasema kwa Kigogo, kwa sauti ya mnada.

"Hata leo?" akauliza.

"Hata leo," akajibu Bwana Jonas.

"Hata ukiwepo?"

"Hata nikiwepo."

"Na alama?"

Bwana Jonas akaingia bandani, akaanza kuibandua stika kwa ukucha. Ikagoma. Akajaribu kwa ufunguo wa gari, akatoa bendera, mikono ikabaki inashikana. Misaada ya haraka, gundi ya milele. Ila akina mama walishamwona anavyotoka jasho, na ikatosha. Mama Yohana akamsogeza kwa kiwiko, akachukua chombo cha maua ya plastiki akamshikisha, akakunja kitambaa cha kufuma akakiweka juu ya bega lake mwenyewe, akashika hendeli.

Akazungusha mara ya kwanza, injini ikakohoa. Ya pili, ikatema moshi unaonuka rangi mpya, tukafunga macho. Ya tatu ikakamata, du-du-du-du, banda zima likatetemeka, udongo mpya ukadondoka ukutani.

Na hapo wakaja mbuzi.

Wa kwanza alitoka nyuma ya jiko mbio. Kisha watatu kutoka upande wa shule. Kisha ukasikia kwato kila upande, wakubwa, vitoto, beberu mmoja anaburuta kamba na kigingi chake, mwingine ana sufuria ya mtu mguuni. Hawakututazama. Waliniruka miguu, wakapita katikati ya miguu ya Bwana Jonas naye kainua maua juu, wakaenda kujipanga nyuma ya banda, pale kwenye tundu la ukutani, wanasukumana na kulia kama wanafunzi dirishani kwa mpishi.

"Wanataka nini?" akapaza sauti Bwana Jonas.

"Mashudu!" nikamjibu. "Makapi ya alizeti! Yanatokea pale!"

"Wamejuaje?"

Nilimwacha ajijibu. Mbuzi hajapata semina. Mbuzi hajui kama kuna mgeni. Anajua tu kwamba mlio ule ukianza, pale ukutani chakula hutoka, na hilo hakulijua kwa kuambiwa mara moja. Debe la kwanza la mbegu likamiminwa, mashudu yakaanza kuanguka, na vita ikaanza. Upande wa pili mafuta yakachuruzika ndani ya ndoo, ya manjano, na ile harufu niliyokuwa nimeitafuta ikapanda mpaka puani.

Baada ya mbuzi wakaja watu. Mlio ulikuwa umefika mashambani. Akaja mama na gunia kichwani, akaja mzee na baiskeli imelemewa, wakaja wasichana wawili wamebeba kiroba kati yao. Wote walikuwa wamezificha mbegu zao ndani wiki zote zile, wakisubiri mgeni aje aondoke. Foleni ikatoka mlangoni, ikazunguka mti, ikaelekea barabarani. Bwana Jonas akaifuata foleni akiuliza. Na hakuuliza hata swali moja la ndiyo: aliuliza mafuta ya mwisho waliyakaangia nini, na nani alibaki na mashudu. Aliporudi, pua ilikuwa nyekundu zaidi na macho pia, nadhani ni moshi.

"Nitapanda kichuguu," akamwambia Mama Zuhura. "Niliambie lori lirudi lilikotoka. Halafu nipige ofisini, nao wale wa ng'ambo ya vilima wapate yao."

Mama Zuhura alikuwa ameketi juu ya gunia la mtu, anaandika. Nikachungulia. Aliandika kwamba mashine ilisimama wiki kadhaa na kijiji kikanunua mafuta dukani. Chini yake akaandika, "Sababu: ujio wetu." Nikamwambia, Mama, hivyo si unajishitaki? Akasema, "Nimshitaki nani mwingine, mbuzi?" Tangu siku ile hatumi habari kwamba anakuja kukagua. Anatuma habari kwamba anapita. Na ndiyo maana nikiwa mkubwa, hesabu zikiniruhusu, nataka kuwa kama yeye, ila bila kucheza ngoma.

Bwana Jonas, kabla hajaenda kichuguuni, akaona apate picha. Akasimama mbele kabisa, mlangoni, ananipungia nimpige yeye na mashine, maua bado mkononi kama bwana harusi aliyekimbiwa. Nikainua simu. Mama Yohana akatokea nyuma yake na gunia begani, kitambaa cha kufuma sasa amejifunga kichwani, mikono inang'aa mafuta mpaka viwikoni. Hakunitafuta mimi wala Kigogo.

"Bwana," akamwambia kwa Kiswahili, "una alizeti?"

"Sina, mama."

"Basi pisha foleni."

Akapisha.